Hesabu ya pato la taifa haiuoni mkoko uliosimama

Nimeisoma kwa makini habari inayosema kuwa bandari ya Lamu itakuza pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, nami nauliza ni nani aliyeamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Mkoko ukikatwa hapa kwetu na kuuzwa boriti, huingia katika hesabu. Ukiachwa umesimama, kamba na kaa wakikulia katikati ya mizizi yake, hauhesabiwi kabisa. Mwaka 1934 mwanauchumi Simon Kuznets, aliyelitayarishia Bunge la Marekani makadirio ya pato la taifa, alionya katika ripoti ileile kwamba ustawi wa watu haupimiki kwa tarakimu hiyo. Wanasiasa wakaichukua tarakimu, onyo wakaliacha. Nasi tulijionea Septemba 2014: takwimu zilipokokotolewa upya kwa mwaka mwingine wa msingi (mwaka ambao bei zake hutumiwa kulinganishia), uchumi wa Kenya ulionekana mkubwa kwa robo nzima, tukaitwa nchi ya kipato cha kati, ilhali tenga la mvuvi halikuongezeka hata samaki mmoja.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari hiyo, na kwangu mimi hukumu ile ilihesabu kwa haki zaidi. Nchi ya Bhutan huko Asia, ili kupima furaha ya taifa, huwauliza raia wake kuhusu afya, matumizi ya muda na mazingira. Kaunti yetu nayo ingeweza kuuliza maji ya visima yameingia chumvi kiasi gani, na nahodha husafiri umbali gani sasa kabla ya kutupa nyavu.