Nendeni Kaskazini Mwanga Unaporudi

Kila ifikapo Novemba, mazungumzo ya sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Sweden hugeukia jambo moja: nani anakwenda kaskazini wakati wa Krismasi kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, na kuteleza kwenye theluji. Ndugu wanaokuja kututembelea kutoka Dar es Salaam au Mombasa nao huomba wapelekwe huko, na wengi hukata tiketi za ndege za siku tatu, hurudi wamechoka, na husema hawakuona kitu isipokuwa giza na dirisha la hoteli. Safari yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni wakati wake na haraka yake. Anayetaka likizo ya theluji katika Aktiki na aende kituo cha kutelezea theluji kama Riksgränsen, aende mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, apande treni, na akae muda wa kutosha hata dhoruba ikija ipite akiwa bado yupo.

Riksgränsen iko mpakani kabisa mwa Sweden na Norway, takriban kilomita 200 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki. Watu hawakufika huko kwa ajili ya starehe. Walifika kujenga reli ya kusafirishia madini ya chuma kutoka Kiruna, mji wa migodi wa Sweden, hadi bandari ya Narvik nchini Norway, ambayo haigandi wakati wa baridi kwa sababu ya maji vuguvugu yanayoletwa na mikondo ya Bahari ya Atlantiki. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1902, na Mfalme Oscar II akaizindua mwaka 1903. Karibu na Björkliden, kijiji kilicho kwenye reli hiyo, mahali panapoitwa Tornehamn, yapo makaburi ya wajenzi wake, na mtu anayepita huko kwa starehe zake hana budi kuwakumbuka. Barabara ya magari kati ya Kiruna na Narvik ilifunguliwa mwaka 1984 tu. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 80, aliyetaka kufika Riksgränsen aliitegemea reli.

Jambo ambalo wageni wetu wengi hawaambiwi ni kwamba lifti za Riksgränsen, zile zinazowapandisha watelezaji mlimani, kwa kawaida hazianzi kufanya kazi hadi Februari, na huendelea hadi Mei, wakati ambapo sehemu nyingine nyingi za Ulaya theluji imekwisha kuwa matope. Sababu ya kuchelewa kuanza ni mwanga. Tangu mwanzoni mwa Desemba hadi siku za mwanzo za Januari jua halichomozi kabisa katika eneo hilo. Saa za mchana hupatikana rangi ya samawati tu, kisha giza hurudi. Ndiyo, rangi hiyo ni nzuri mno, nami siwalaumu wanaoipenda. Lakini mtoto anayejifunza kusimama juu ya skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea, kwa mara ya kwanza anahitaji kuona mteremko unavyokwenda, na mzazi wake anahitaji kumwona mtoto. Katikati ya Aprili mchana huko huzidi saa 14, na mwishoni mwa Mei jua halizami tena.

Najua nitaambiwa kwamba mianga ya kaskazini inahitaji giza, na ni kweli. Hata hivyo, mwishoni mwa Machi usiku bado una giza la kutosha, na majira yanayozunguka siku ya usiku na mchana kulingana ndiyo ambayo mianga hiyo huwa na msukumo zaidi. Kinachomnyima mtu kuiona mara nyingi ni mawingu. Hapo ndipo jiografia ya eneo hili inapoanza kupendeza. Riksgränsen hupokea pepo zenye unyevu moja kwa moja kutoka Atlantiki, ndiyo maana theluji yake ni nyingi. Abisko, kijiji kilicho umbali mfupi tu upande wa mashariki kwenye reli hiyohiyo, kimekingwa na milima na hupata mvua na theluji kidogo sana, kama milimita 300 kwa mwaka, kiasi kwamba ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Sweden. Anga lake huwa wazi hata wakati milima ya mpakani imefunikwa. Kwa hiyo familia iliyopanga vizuri huteleza Riksgränsen mchana na kulala Abisko usiku mmoja au miwili kwa ajili ya anga. Mtu wa siku tatu hawezi kupanga hivyo. Akikutana na upepo mkali uliosimamisha lifti, likizo yake imekwisha.

Treni ya usiku kutoka Stockholm huchukua zaidi ya nusu ya siku nzima, na wapo wanaoona huo ni muda uliopotea. Mimi naona ni sehemu bora ya likizo. Unalala misitu ikipita, unaamka miti imekuwa mifupi, halafu baada ya Kiruna unafuata ufuo wa ziwa Torneträsk lenye urefu wa kilomita 70 likiwa limefunikwa na barafu, na mwisho miti inatoweka kabisa. Mwili unapata nafasi ya kuelewa umbali uliosafiri. Njiani mnapishana na treni za madini zenye mabehewa 68, ndefu kiasi cha mita 750, na watoto huzihesabu behewa kwa behewa. Ni kweli pia kwamba reli hiyo ina udhaifu wake: Desemba 2023 treni ya madini iliacha reli karibu na Vassijaure, kituo kisicho mbali na Riksgränsen, na kuharibu kilomita nyingi za njia, na ilichukua takriban miezi miwili kuitengeneza. Kwangu hiyo ni sababu ya kudai reli itunzwe zaidi. Sioni kwamba inatupa sababu ya kuikimbia.

Theluji ya Aprili nayo inastahili kuelezwa kwa wasioijua. Alfajiri huwa ngumu kama sakafu, na skii hukwaruza juu yake kwa sauti kali. Anayeanza asijaribu saa hiyo. Jua likipanda, tabaka la juu hulainika taratibu, sauti hupungua, na ukingo wa skii huanza kushika. Hapo ndipo mtoto hupata ujasiri, kwa sababu akigeuka anageuka kweli, na akianguka haumii sana. Alasiri theluji huwa nzito na yenye maji, na miguu huchoka. Ni wakati wa kupumzika na kunywa kitu cha moto. Mvike mtoto nguo ya sufu inayogusa ngozi, wala si fulana ya pamba, kwani pamba hushika jasho na kumpoza mara tu anapokaa kwenye kiti cha lifti. Miwani na mafuta ya kukinga jua ni lazima, hata kwa ngozi zetu nyeusi, maana mwanga unatoka juu na chini kwa pamoja.

Ardhi hiyo ni ya malisho ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na ufugaji wa kulungu wa kaskazini nchini Sweden ni haki yao kisheria. Aprili na Mei ndizo nyakati ambazo majike wenye mimba hurudi milimani kuzaa, wakiwa wamedhoofishwa na majira marefu ya baridi. Mtelezaji anayewakimbiza kwa ajili ya picha anawamalizia nguvu wanazohitaji kwa ndama. Ukiwaona, simama, kaa chini, waache wapite, na kama wamelala kwenye njia yako, zunguka mbali au rudi ulikotoka. Sheria za Sweden zinampa kila mtu uhuru wa kupita porini, na uhuru huo unakwenda pamoja na wajibu wa kutowasumbua wanyama.

Wapo jamaa wanaosema kuteleza kwenye theluji si mchezo wetu, na kwamba ni wa matajiri. La pili lina ukweli: vifaa na tiketi za lifti ni ghali. Lakini vifaa hukodishwa, nguo za watoto hupatikana zilizotumika, na nyumba yenye jiko ikichangiwa na familia mbili hupunguza sana gharama za chakula. La kwanza silikubali. Watoto wetu wanaishi miezi mingi ya mwaka katika baridi hii. Wakiwa darasani husikia wenzao wakisimulia likizo ya michezo ya Februari, ile wiki ya mapumziko ya shule, huku wao walikaa ndani. Likizo hiyo ina msongamano na bei za juu; ile ya Pasaka huja mchana ukiwa mrefu na theluji ya Riksgränsen ingali nene. Fedha ambazo familia ingetumia kwa ndege na hoteli ya Krismasi ziwekwe kwa ajili ya wiki ya Pasaka, na tiketi za treni za vitanda zikatwe mapema, kwa kuwa hujaa haraka.