Kwa Nini Nimeuza Matairi Yangu ya Kashata

Wiki iliyopita nimeuza matairi manne ya kashata kubwa, yaani yale yenye meno marefu ya mpira yaliyoachana, ambayo siku nilipoyafunga niliyapiga picha na kuwatumia watu kana kwamba nyumbani kumezaliwa mtoto. Aliyeyachukua ni kijana mwenye Hilux kama yangu, anabeba dagaa kutoka mwaloni Kayenze, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kabla hajahesabu hela nilimweleza sababu zangu zote za kuyaondoa. Alinisikiliza kwa adabu, akayapiga teke moja moja kama watu wanavyofanya, akasema, "Kaka, wewe umeanza kuzeeka tu." Labda.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji za sola. Naishi Buhongwa, Mwanza, na siku tano kati ya sita za kazi gari langu halitoki kwenye lami: Usagara, Misungwi, Magu, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, Sengerema na Geita pia. Zamani ukifika Kigongo unazima gari, unanunua hindi la kuchoma, unasubiri kivuko mpaka usingizi ukupitie. Sasa zile kilomita 3 za juu ya maji unazimaliza hindi likiwa bado la moto. Raha tupu, ila maana yake ni kwamba gari ambalo zamani lilikuwa linapumzika sasa linakimbia moja kwa moja. Hilo watu hawalihesabu wanaponunua matairi.

Siku ya sita ndiyo kasheshe. Naacha lami Mabuki au Nyanguge naingia vijijini, na mara nyingi naitwa mvua zikiwa zimeshaanza, kwa sababu radi ndiyo inayoua kontrola za pampu. Kwa hiyo tope nalijua. Sijalisoma mahali.

Swali ninaloulizwa kila nikisimama gereji ni lile lile: mpira gani utanifaa lami na rafu rodi kwa pamoja? Kwa miaka miwili nilijibu bila kufikiri: funga kashata, ndugu yangu, sahau. Sasa najibu hivi: chagua tairi kwa ajili ya lami yenye maji, halafu tope ulitafutie akili. Najua wenye magari ya porini watanicheka.

Kwanza niwape kashata haki yao. Nchi hii ya Usukumani ukiitazama kutoka kwenye mawe ya juu kushuka bondeni, udongo unabadilika kila hatua, na wenyeji wana jina kwa kila mmoja. Juu kwenye miamba kuna luseni, mchanga mchanga unaopitika hata na baiskeli. Chini kabisa ndiko kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mpunga na dengu. Kiangazi unapasuka nyufa mguu unaingia. Ukinyeshewa nusu saa tu, unageuka kitu kingine kabisa: unaganda kwenye tairi, unajaza njia zote za katikati ya kashata, na tairi likishazunguka mara chache linakuwa laini kama pipa lililopakwa ugali mweusi. Hapo kashata ndogo zimekwisha kazi. Zile kubwa zina nafasi pana katikati, na ukikanyaga mafuta tope linarushwa nje, linapiga bodi pwaa, pwaa, tairi linapata meno tena. Hilo ni kweli na nimelifaidi.

Tatizo ni kwamba mbuga haina sakafu. Tairi lenye meno halitafuti mahali pa kushika, linachimba. Desemba moja nilikuwa na fundi mwenzangu tunatoka kijijini, nyuma tuna paneli nne na mabomba. Kwa tairi za kawaida ningekwama pale pale mwanzo wa bonde, mita kumi kutoka kwenye ardhi ngumu, nikajisukuma kurudi. Na kashata zangu nikaenda mpaka katikati kabisa, nikijisifu, halafu gari likakaa kwa matumbo. Difu chini, matairi yote manne yanazunguka hewani kama feni. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga alikuja taratibu, akatusalimia, "Mwadila," akazunguka gari lote bila kusema neno, akayatazama matairi, akauliza ni bei gani. Nikamtajia. Akasikitika kwa dhati. Kisha akamtuma mjukuu wake alete ng'ombe wa kulimia. Jozi mbili zilitutoa, mnyororo umefungwa kwenye chasisi, na wale ng'ombe walikuwa na kwato tu. Mzee alikataa kutaja bei, akasema, "Kijana wangu, toa unachoona." Hiyo ndiyo bei ghali kuliko zote.

Ile ilikuwa aibu tu. Siku iliyonifanya niyauze ilikuwa kwenye lami, karibu na Usagara, saa kumi na moja jioni. Mvua ya kwanza baada ya miezi mikavu ndiyo mbaya kuliko zote: vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani yanaelea, lami inakuwa kama kigae kilichomwagiwa sabuni. Sikuwa mwendo wa kutisha. Bodaboda mwenye magunia mawili ya mkaa akakata mbele yangu kuingia kulia. Nikakanyaga breki, na gari likaendelea na safari yake kana kwamba hatujazungumza. Nilihisi usukani umekuwa mwepesi mkononi. Tulisimama tumekaa ubavu, pua ya gari inaangalia duka la vocha, na bodaboda hakugeuka hata kutazama. Hakuna aliyeumia. Nilikaa pale nikiwa nimeshika usukani mpaka lori la nyuma likanipigia honi ya pili.

Sababu yake ni rahisi ukiitazama tairi lenyewe. Zile nafasi pana zinazotupa tope nje ni mahali ambapo hakuna mpira. Kwenye lami, kinachokushika ni mpira unaogusa chini, na kashata kubwa inagusa kidogo. Tena kila kipande ni kirefu na kimesimama peke yake, kwa hiyo ukifunga breki kinapinda. Matairi mazuri ya lami yana vile vimikato vyembamba vilivyochanjwa juu ya kila kipande ili kukata utando wa maji. Kashata kubwa nyingi vimikato hivyo hazina, au vipo viwili vitatu vya kuonea huruma. Porini tairi likikushinda, unalala njaa na mbu. Lami likikushinda kwa mwendo wa 80, wewe jaza mwenyewe.

Basi nimefunga nini? Matairi yenye herufi A/T ubavuni, yale ya katikati: kashata zipo lakini zimekaribiana, na vimikato vimejaa. Siyo ya H/T, ambayo ni ya barabarani tupu na ubavu wake ni laini mno kwa mawe yetu. Atakayebisha apande na gari lake vilima vya Mabatini au Bwiru akwangue ubavu mara moja kwenye jiwe, ndipo turudi kuongea. Na siyo M/T, hayo niliyouza. Hata ndani ya A/T yenyewe kuna tofauti kubwa. Wauzaji wanapenda kukuonyesha yale yanayofanana na M/T kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Mimi nilichukua yaliyokuwa na sura ya kinyonge kuliko yote dukani.

Jina la kampuni silitaji. Ninachoomba usome ni ubavu wa tairi, kwa sababu ubavu hausemi uongo kama sisi. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho wa mstari, utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na fundi "kwa bahati" akazifunga zikaangalia ndani. Niliwahi kuuziwa matairi mapya hapa mjini, vinyweleo vya mpira vimesimama wima, karatasi bado imebandikwa. Sikuangalia. Baada ya mwaka ubavu ulipasuka nyufa kama mbuga ya Septemba, nikalala chini ya gari na tochi, nikakuta yalikuwa yamekaa stoo miaka sita kabla ya kuniona. Nilirudi dukani. Niliambiwa mpira hauozi.

Halafu kuna namba ya mzigo, ambayo sijawahi kusikia mteja akiiulizia. Baada ya saizi, tuseme 265/65R17, utaona namba kama 112 na herufi. 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja. 120 ni kilo 1400. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Mwendo usikusumbue, hakuna barabara ya kuufikia. Mzigo ndio ukusumbue. Pikapu ikija na 112 na wewe ukafunga mpira wa gari dogo wenye namba ya chini kwa sababu umekaa vizuri kwenye rimu, umejitegea bomu. Yenye LT mbele ya saizi ni ya kazi, ubavu mgumu, ila inataka upepo zaidi kidogo ili kubeba mzigo ule ule. Gari likiwa tupu yananirusha kama kibajaji. Nimekubali.

Mtumba? Kwa gari linalokimbia Geita na kurudi, hapana. Tairi lililoondolewa kwenye gari la mwenzako ng'ambo limeondolewa kwa sababu, na likiwa na kashata nyingi kabisa mara nyingi sababu ni umri. Najua bei. Matairi manne mapya ya maana ni ndama wanne wametoka zizini. Bora ununue mawili mwaka huu na mawili mwakani, ilimradi yawe ya saizi moja; ukichanganya vimo tofauti mbele na nyuma halafu ukapiga foo wili kwenye ardhi ngumu, utakuwa unawalisha mafundi wa gia.

Kuhusu kuongeza saizi, jambo moja tu. Ukitoka 265/65R17 ukafunga 265/70R17, tairi linaongezeka kimo kama milimita 26. Dashibodi ikisema 80 wewe uko karibu 83, na ikisema 50 uko karibu 52. Tochi ya trafiki haina habari na rimu zako.

Sasa ile akili niliyoisema, ya tope. Ni upepo. Nilichookoa kwa kutonunua kashata nyingine nilinunulia geji nzuri ya upepo, pampu ndogo ya kufunga kwenye betri na beleshi. Kwenye lami nafuata namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na naongeza nyuma nikiwa na mzigo. Nikifika mahali pabaya nashuka, nashusha mpaka PSI 20 hivi, tairi linatanua tumbo na kukanyaga eneo kubwa, halafu natembea polepole bila kukata kona za ghafla. Watoto wakiona unatoa upepo kwa makusudi wanakusanyika. Mmoja kule Kwimba aliwaita wenzake waje waone mtu anayejitoboa pancha mwenyewe. Kosa ni kusahau kujaza tena kabla ya kurudi barabarani. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo na mwendo linachemka ndani mpaka linachanika, na hapo usimlaumu mwenye duka. Mchanga wa mwaloni nao unataka hivyo hivyo. Kashata kubwa kwenye mchanga ni majembe manne. Nilimwambia yule kijana hilo mara mbili.

Nakubali ubishi mmoja. Kama gari lako ni Land Cruiser pikapu ya zamani inayoishi kijijini, na lami inaiona siku ya mnada tu, bakia na 7.50R16 zako nyembamba zenye tyubu. Likitoboka, fundi baiskeli yeyote chini ya mwembe ataziba kwa kiraka na gundi, wakati mimi na tyublesi zangu natafuta mtu mwenye zana mpaka senta. Na wembamba ule kwenye barabara yenye tope juu na ardhi ngumu chini unakata mpaka unagusa ngumu. Mbugani, sahau.

Alhamisi nilikwenda kwa mama mmoja mwenye bustani ya nyanya ng'ambo ya bonde. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Nilisimama pale luseni inapoishia, nikatazama maji yaliyotuama kwenye alama za matairi ya jana, nikafunga milango, nikabeba kontrola begani. Nilitembea kama dakika arobaini. Mama aliniona kutoka mbali, akauliza, "Mwanangu, gari limekufa?" Nikamwambia hapana mama, nimeliacha lipumzike.

Na jana yule kijana wa dagaa amenipigia simu kutoka Ilemela. Sauti inatetemeka kidogo. Anasema akifika 70 kuna kitu kinanguruma chini, mbele kulia na kushoto, anafikiri ni beringi, na fundi amemwambia zibadilishwe zote mbili. Nikamuuliza, mngurumo unaongezeka ukiongeza mwendo? Ndiyo kaka. Na kwenye vumbi unapotea? Ndiyo kaka. Nikamwambia asimpe fundi hela, hizo ni kashata zinaimba kwenye lami, apandishe vioo.