Chumvi ya Uvinza na mpaka wa mwaka 476

Mwaka 476 BK Odoacer alimng'oa madarakani kijana Romulus Augustulus, mfalme wa Roma ya Magharibi, na vitabu vingi vinafunga zama za kale hapo. Karne hiyo au iliyofuata, kwenye chemchemi za Uvinza mkoani Kigoma, watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi. Kwao hakuna zama zilizofungwa. Hata Constantinople, iliyojiita Roma, iliendelea hadi 1453. Basi mgawanyo huu wa historia kwa zama una faida gani kwa anayeisoma akiwa bonde la Malagarasi, mto wa huko Uvinza?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Christian Thomsen, mtunza makumbusho wa Copenhagen aliyechapisha mwongozo wake mwaka 1836, alipanga vifaa vya makumbusho kwa kuangalia vilivyofukuliwa pamoja. Kama shoka la shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, lilikutwa kaburi moja na chungu chenye nakshi fulani, basi chungu chenye nakshi hiyo kikipatikana kwingine kilipewa nafasi jirani. Kwa njia hiyo alipata mfuatano wa mawe, shaba nyeusi na chuma bila kujua mwaka hata mmoja. Si kazi ndogo hiyo.

Mambo huharibika mfuatano huo unapohamishwa ulivyo. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikupitia zama za shaba nyeusi. Ilitoka kwenye mawe ikaingia kwenye chuma. Ndiyo maana mwaka 1929 wanaakiolojia Goodwin na Van Riet Lowe waliipangia kusini mwa Afrika Zama za Mawe za Mwanzo, za Kati na za Mwisho, majina ambayo wanafunzi wetu wa sekondari wanayakariri hadi leo. Nayo yana mtego wake: wawindaji wenye zana za mawe waliishi karne nyingi wakipakana na wafua chuma. Kwa hiyo "Zama za Chuma" hueleza ufundi kwanza, tarehe baadaye.

Tarehe zenyewe zataka uangalifu. Watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba Uvinza mwaka 1967, na tabaka za chini ziliangukia karne ya 5 au ya 6 BK. Tuseme maabara imepima mkaa wa jiko ikajibu "miaka 1500 iliyopita, zaidi au pungufu 100". Hesabu haianzii leo, inaanzia 1950. Ukitoa unapata 450 BK, na ukiweka ule ukingo unapata 350 hadi 550. Kisha jibu hilo hulinganishwa na pete za miti yenye umri unaojulikana, kwa sababu kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi inayopimwa kwenye mkaa ili kujua umri wake, hewani haikuwa kiasi kilekile kila karne. Kuna na kosa la gogo: mkaa wa kiini cha mti mkubwa hutoa umri wa kiini hicho, ambacho huenda kilikufa miaka mia na zaidi kabla ya moto kuwashwa. Mkaa wa matawi membamba ni salama zaidi. Sasa nani ataniambia jiko hilo liliwashwa kabla au baada ya 476?

Wengine, wakishaona hayo, wanataka zama zote zitupwe. Hapo wanavuka mpaka. Kwenye maporomoko ya Kalambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika mpakani na Zambia, tabaka zinaanzia magogo yaliyochongwa yakaungana, yenye miaka isiyopungua 476,000 (kufanana na mwaka wa Odoacer ni bahati tu), hadi vyungu vya Zama za Chuma. Bila majina ya zama, vigae vya Kalambo na vya Uvinza vitalinganishwa kwa lugha gani?

Mimi ningebaki na majina ya ufundi, kila jina liandamane na mahali na karne zake, na 476 ningeiachia Italia. Kibao cha Uvinza kingesomeka: "Zama za Chuma, bonde la Malagarasi, kuanzia karne ya 5 au ya 6 BK." Ubishi utakuwa kwenye mwaka wa kufungia, maana katika karne ya 19 chumvi hiyo bado ilikuwa ikichemshwa kwenye vyungu na kuuzwa mbali na Uvinza.