Ya Ngamiani ghali, ya Guangzhou rahisi? Tupige hesabu kwanza

Siku hizi hapa Tanga ukisema tu unatafuta laptopu au simu, hapohapo mtu anachomoa simu yake mfukoni anakuonyesha skrinishoti, unaona hii, bei ya China hii, ya Dubai hii, wewe unaenda maduka ya Ngamiani kupigwa ya nini. Na kiukweli bei ya kwenye skrinishoti huwa ya chini, hilo sibishani nalo. Ila ile ni bei ya kitu kikiwa Guangzhou, na wewe unakaa Makorora, na hapo katikati kuna watu kibao wanasubiri chao.

Tuanze na wanaotetea kuagiza maana wana hoja. Vitu vingi vilivyopo kwenye maduka yetu vimetoka kulekule, vimeingia Dar kwa mwagizaji mkubwa, akachukua wa jumla Kariakoo, mwenye duka wa Tanga akaenda kuvifuata, akavipakia basi, kilomita kama 350 mpaka stendi ya Kange, na kila mkono uliogusa umeongeza kitu. Ukiagiza mwenyewe unairuka hiyo mikono. Alafu kuna suala la kupata unachokitaka. Duka la hapa linaweka kinachotoka haraka, mwenye duka hawezi kufungia pesa yake kwenye kitu kitakachokaa rafuni mwaka mzima, kwahiyo kama wewe ni mpiga picha unataka lenzi fulani, au una studio ndogo unataka maiki na miksa ya aina fulani, dukani utaambiwa "hiyo labda uulizie Dar" na Dar nako wakuambie tuagize. Hapo hamna hata mjadala, agiza tu.

Kwenye vitu vya kawaida sasa ndo hesabu inataka utulivu. Wengi wanajumlisha bei ya kitu na nauli basi. Forodha hawahesabu hivo, wao wanachukua bei ya kitu, wanaongeza usafiri, wanaongeza bima, jumla hiyo ndo inapigiwa ushuru, alafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla PAMOJA na ushuru wenyewe. Yaani unalipia kodi mpaka nauli.

Chukua laptopu, tuseme dola 400, ndege na bima 35, inakuwa 435. Kompyuta kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, kwahiyo inabaki VAT, kama dola 78, unafika 513 hivi na tozo ndogondogo pembeni. Kama dukani wanataka sawa na dola 600 au 650, nafuu ipo na inaonekana. Sasa chukua TV ya dola 300, meli na bima weka 60, inakuwa 360. TV iliyokamilika inapigwa ushuru wa asilimia 25, hiyo 90, unafika 450, VAT 81, jumla 531. Ile ya 300 ndo imefika hapo, bado hujaibeba kutoka Dar, na kioo cha TV mnakijua, kikipokelewa vibaya sehemu moja tu umenunua fremu.

Najua kuna atakayesema mbona mimi wakala wangu ananitajia bei moja ya kilo au ya CBM (mita ya ujazo) na kodi imo humohumo. Ni kweli, wengi wanafanya hivo, wanakusanya mizigo ya watu wengi kontena moja na wewe unalipa mara moja tu, raha kabisa. Lakini jiulize una karatasi gani yenye jina lako. Huna. Mzigo ukichelewa, ukipotea, ukakwama kwa sababu mwenzako humo kontenani kaandikisha simu kama "viatu", wewe unabaki kupiga simu na kuambiwa kesho. Watu wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo, ila mzigo wa meli ukishakuja leo siku ya kuondoka bandarini haijui mtu. Na hawa wa kuchangia kontena ninaowajua maghala yao yako Dar, licha ya bandari yetu kupanuliwa na kuchimbwa mpaka kina cha mita 13.

Ndege ni haraka lakini ina mambo ya betri. Betri za lithiamu za kuchaji, kama za simu na laptopu, zikiwa peke yake haziruhusiwi kwenda kama kargo kwenye ndege ya abiria tangu 2016, ndo maana mawakala wanakutoza bei nyingine mzigo ukiwa na betri, na pawabanki ndo kabisa. Abiria anaruhusiwa kubeba yake kwenye begi la mkononi, isizidi Wh 100 (wati-saa) bila ruhusa ya shirika la ndege (ile ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita). Akiiweka kwenye begi la kupakia chini wanaitoa.

Hapo ndo inakuja njia ya watu wa pwani, kumtuma ndugu. Nani Tanga hana ami Maskati au dada Dubai. Njia hii ni nzuri kwa simu moja au laptopu moja, na Dubai ina faida ambayo watu hawaisemi, umeme wao ni wa volti 220 mpaka 240 kama wetu na plagi ya miguu mitatu ileile, unafika unachomeka. Kitu cha Marekani ni volti 120, chaja za laptopu na simu nyingi zinakubali zote mbili lakini blenda au spika kubwa ya kule ukiichomeka hapa bila transfoma utasikia harufu tu. TV ya kule ndo usiiguse, kipokea mawimbi chake cha ndani kimetengenezwa kwa mfumo wao, sisi tunatumia mwingine, utabaki kutegemea king'amuzi na transfoma juu.

Kwenye simu pia kuwa makini na ya Marekani. iPhone za kule kuanzia 14, ile iliyotoka 2022, hazina sehemu ya kuingiza laini kabisa, ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi, inasajiliwa ndani ya simu yenyewe. Kuna dada mmoja Chumbageni aliletewa kama zawadi, simu kali, ila kila akitaka kuhamisha laini kwenye kiswaswadu chaji ikiisha anajikuta anarudi dukani kwa kampuni ya laini yake. Na zile za mkataba zilizofungwa kwa mtandao wa kule, au deni halijaisha, hizo bei inakuwa poa kweli na sababu ni hiyohiyo. Kabla hujalipa mwambie muuzaji apige *#06# akutumie IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa meseji kwenda 15090 uone inaleta jina la simu gani. Tangu simu feki zizimwe Juni 2016 sioni kwanini mtu abahatishe.

Wa Mombasa nao wapo, wanasema si tupo jumuiya moja, navuka Horohoro na friji yangu. Nafuu ya jumuiya ni ya bidhaa iliyotengenezwa ndani ya jumuiya na ina cheti cha kuonyesha hivo, friji ya China haigeuki ya Kenya kwa kulala Mombasa. Hata TV za Unguja mnazijua kelele zake za kodi zikivuka kuja bara.

Sasa huyu mwenye duka tunayemsema kila siku. Faida yake mimi siioni yote kama wizi, sehemu yake ni bei ya wewe kuwa na mtu wa kumrudia. Laptopu ikizima wiki ya pili unaibeba kwa bodaboda unaenda kugomba pale pale, ya mtandaoni waranti yake iko Shenzhen na nauli ya kuirudisha inakula nafuu yote. Lakini nao wasijifanye malaika. 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, mimi sikuona bei imeshuka madukani, msamaha ulipofutwa 2022 ndo tukaanza kuambiwa kodi imepanda. Na wengine waranti yao ni ya mdomo, ukirudi unaambiwa ilianguka.

Kwahiyo mimi kitu kidogo, chepesi, cha bei kubwa, kama laptopu, lenzi, vifaa vya studio, naagiza au namtuma mtu. TV, friji, mashine ya kufulia, nanunua hapahapa na risiti ya EFD nadai. Simu iko katikati, inategemea tofauti ni ya sh ngapi, ikiwa ni elfu 50 siagizi. Na kabla ya yote ile skrinishoti naipeleka kwanza dukani, namuuliza mwenye duka ukiniagizia wewe kwa mzigo wako unaokuja utaniuzia ngapi, nikupe nusu sasa na nusu ikifika, waranti miezi sita uniandikie kwenye risiti. Wengine wanakataa, ila wapo wanaoshuka mpaka karibu kabisa na hesabu ya kuagiza mwenyewe, maana wao kontena lao linakuja uwemo usiwemo.