Kabla Hamjauza Karatasi kwa Kilo

Jumamosi jioni nilinunua njugu za shilingi 20 pale Makadara, Mombasa, nikaketi kuwangoja watoto wa dada yangu waliokuwa wakicheza mpira. Njugu zilipofika nusu nikaona jicho la mtu linanitazama kutoka ndani ya kikaratasi. Nilizimimina zilizobaki kwenye ncha ya mtandio, nikakikunjua pajani. Chumvi ilikuwa imejaa kwenye mikunjo. Nilipoipangusa kwa kidole akatokea Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la zamani la hadithi za picha, ambaye sisi tulimwita Spear, kofia kichwani, tai ya kipepeo shingoni, amemshika mtu ukosi na kumbana ukutani. Pembeni, mahali palipochanika, ilibaki nusu ya kiputo cha maneno. Chini kulikuwa na nambari ya ukurasa: 14.

Mikono ilinitetemeka. Mara ya mwisho kumshika Spear karatasini, si kumwona kwenye simu ya mtu, nilikuwa darasa la sita. Nikamrudia muuza njugu, kijana wa miaka 20 hivi.

"Mwanangu, karatasi hizi wazitoa wapi?"

"Za kilo hizo, mama. Mwembe Tayari. Kwani zina nini?"

"Zilizobaki nipe zote, nitakulipa."

Akainama, akatoa rundo chini ya meza, akanihesabia. Niliondoka na kurasa 23, yeye akabaki na shilingi 300 pamoja na gazeti langu la siku hiyo la kufungia njugu zake. Usiku nilizipanga sakafuni chini ya feni iliyozimwa, nikagundua ni za matoleo mawili tofauti, na hakuna hata moja lililokamilika.

Kwa ambaye hakumkuta, jarida liliitwa African Film, lilitolewa na Drum Publications, na lilitamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nairobi, Lagos, Accra na hapa kwetu. Halikuwa la michoro. Zilikuwa picha za kamera zilizopangwa na kuwekewa viputo vya maneno kama katuni. Aliyecheza Spear ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, ilhali sisi tulimdhania mtu wa mji wowote huru wa Afrika. Alikuwa na gari la Corvette Stingray, alikuwa na wenzake Sonia, Kapteni Victor na kijana Lemmy, na alikuwa na adui mkubwa, Rabon Zollo. Kaka zangu walijifunza kuinamisha kofia kwa kumtazama yeye. Kwenye meza za vitabu za Digo Road, katikati ya Wazungu wa kila namna wenye bastola na panga, Spear ndiye aliyefanana na ami zetu.

Sisi wapenzi wa katuni za zamani tunaishi kwa kungoja. Kila mara mchapishaji wa ng'ambo anapotangaza kwamba atatoa juzuu mpya ya hadithi za miaka 50 au 60 iliyopita, simu zetu hazitulii. Tunaulizana ni hadithi zipi zitaingia, rangi zitakuwa za asili au zimepakwa upya, nani ana mtu anayekuja kutoka London mwenye nafasi kwenye begi. Wasiotuelewa hutuuliza kitabu cha watoto kina nini hata mtu mzima akikeshee. Mimi nina jibu langu.

Nilipokuwa shule ya msingi, maktaba yetu ilikuwa na matoleo machache ya jarida la Kiingereza, Look and Learn. Katikati mlikuwa na kurasa mbili za rangi za hadithi ya dola ya Trigan, iliyoandikwa na Mike Butterworth na kuchorwa na Don Lawrence. Ilianza mwaka 1965 katika jarida jingine, Ranger, kisha ikahamia humo. Ilikuwa dola ya sayari ya mbali, watu wamevaa kama Warumi wa kale lakini wanaendesha ndege za vita. Niliisoma hadi mahali ambapo mfalme Trigo yuko hatarini, na toleo lililofuata halikuwepo. Mtu alikuwa ameliazima asilirudishe. Nilimuuliza mwalimu, nikamuuliza tena muhula uliofuata, kisha nikaacha. Niliolewa, nikazaa, nikasomesha, na hadithi ile bado ilikuwa imesimama palepale kichwani mwangu, upanga juu.

Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza iitwayo Rebellion ilinunua sehemu ya hazina ya katuni za zamani za Kiingereza, na mwaka 2018 ikanunua nyingine za zamani zaidi. Mwaka 2020 ikaanza kuitoa Trigan upya kwa juzuu. Mpwa wangu aliniletea moja. Niliifungua barazani, Kibokoni, baada ya sala ya alasiri, na sikuinuka hadi nilipojua Trigo alitokaje pale. Zaidi ya miaka 40. Nililia, wallahi, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kuchapa upya ni biashara ya wazee kujiliwaza. Ni kumrudishia msomaji alichodaiwa.

Lakini juzuu hizi hutokaje? Wengi hudhani mahali fulani kuna ghala lenye michoro yote ya asili, na kazi ni kuitoa tu na kuipeleka mtamboni. Mara nyingi si hivyo. Michoro ya katuni ilihesabiwa kuwa takataka za kiwandani: ikishapigwa chapa iligawiwa, ikatupwa, ikaoza. Kilichobaki kwa hadithi nyingi ni jarida lenyewe lililouzwa mtaani, na jarida hilo liko kwa msomaji. Huko Marekani alikuwepo fundi mmoja, Greg Theakston, aliyebuni njia ya kuchukua toleo la zamani na kuzamisha kurasa zake kwenye dawa iliyokula rangi zote na kuacha mistari myeusi peke yake, safi, tayari kupigwa picha na kupakwa rangi upya. Toleo lililopitia dawa hiyo halikufaa tena kwa kitu chochote. Lilikufa ili mengine elfu kadhaa yazaliwe. Siku hizi skana imetuondolea dhambi hiyo, lakini jambo la msingi halijabadilika: bila nakala moja iliyosalimika kwenye sanduku la mtu, hakuna juzuu.

Na masanduku ya Mombasa nayajua.

Marehemu Baba alikuwa karani bandarini Kilindini. Mabaharia walikuwa wakiacha vitabu, na vilivyompendeza zaidi ni Commando, vile vijitabu vya vita vya D.C. Thomson wa Dundee, vinavyoingia mfuko wa shati. Vilianza mwaka 1961 na vinatoka hadi leo, na hata leo kila wanapotoa vinne viwili huwa ni vya zamani vilivyochapwa upya. Waskoti wanajua walichonacho! Baba alivipanga kwa nambari ndani ya sanduku la bati, juu akaweka vidonge vya naftalini, na kila baada ya Kusi kuisha alivitoa vikapigwa upepo barazani kwa sababu chumvi ya bahari huingia hata penye kufuli. Kaka zangu waliongeza Spear. Ami yangu akaongeza katuni za Phantom, zilizotolewa na Indrajal kutoka Bombay. Mtoto wa jirani akitaka kusoma alilipa thumni, akanawa mikono, akasomea palepale.

Baba alipofariki, wiki ya pili baada ya hitima, jamaa mmoja alijitolea kusafisha chumba. Alikuwa na nia njema kabisa. Sanduku alilisugua likang'aa, na karatasi aliziuza kwa kilo. Nilipouliza alinionyesha pesa, akazihesabu mbele yangu, akanikabidhi zote. Sikuweza hata kumkasirikia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ndiyo maana, nikisikia wenzangu wanangoja, huwauliza mnangoja mkifanya nini. Commando wako salama, wana kampuni yenye kumbukumbu na wahariri. Anayenitia wasiwasi ni wetu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alituchekesha kwa miongo katika Taifa Leo, kwa Kiswahili ambacho hata bibi asiyekwenda shule alisomewa akakielewa. Kuna mtoto gani leo anayeweza kuingia duka la vitabu hapa mjini akaomba Juha Kalulu juzuu ya kwanza? Joe, jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza mwaka 1973, lilikuwa shule ya uchoraji ya nchi nzima. Na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro tuliletewa Sani, jarida la katuni la Tanzania lililokuja na mabasi ya Tanga, pamoja na wahusika wake: Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi. Majina hayo yaliingia katika mazungumzo yetu hata watu wakaitana kwayo. Philip Ndunguru, mmoja wa walioifanya Sani iwe Sani, alifariki mwaka 1986. Mkono ule, jinsi alivyomchora mtu mwenye njaa kwa mistari mitatu, ungekuwa wa Mfaransa, angekuwa na juzuu zake zenye jalada gumu kila maktaba.

Rafiki yangu mmoja hukataa. Husema mambo ya juzuu ni gharama bure, pigeni picha kwa simu, mtumiane, yaishe. Nimeziona picha hizo. Zimepigwa usiku chini ya taa ya manjano, kidole kimefunika kona, ukurasa wa 9 umekuja kabla ya wa 7, na haijulikani ni toleo la mwezi gani. Ni afadhali kuliko kukosa, nakubali, na mimi mwenyewe nimezitunza. Lakini juzuu ina mtu aliyekaa akapanga, akauliza tarehe, akatafuta ukurasa uliokosekana, akaandika jina la mchoraji kwenye jalada. Na juzuu hulipa. Sheria yetu ya hakimiliki humlinda mchoraji maisha yake yote na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Picha zinazorushwa kwenye simu hazimpi mjane hata senti.

Nami nina sharti moja kwa mchapishaji yeyote wa hapa atakayeithubutu kazi hii: asiisafishe hadi ikapoteza sura. Kuna juzuu nilizoziona ambazo karatasi yake inang'aa kama sahani, rangi zimejazwa kwa kompyuta hadi nyuso zimekuwa za plastiki. Katuni zile zilichorwa zikijua zitachapwa kwenye karatasi ya gazeti inayonyonya wino. Mchoraji aliacha weupe mahali ambapo wino ungesambaa wenyewe. Ukimpa karatasi nyingine umemvalisha koti la mtu mwingine. Na matangazo yaachwe, na bei ya jalada iachwe, mjukuu aone jarida zima liliuzwa senti ngapi.

Tangu Jumamosi ile nimekwenda Mwembe Tayari mara tatu. Mwenye mizani ni mzee mpole, alinikaribisha kiti akaniambia, "Bibi, karatasi hazina jina. Zaja kwa gunia." Alisema gunia lile lilitoka kwenye nyumba iliyokuwa ikivunjwa upande wa Bondeni, na jingine kama hilo lilinunuliwa na mtu wa mayai. Nimemwachia nambari yangu ya simu na pesa kidogo ya kahawa. Ameahidi akiona kofia ile ataweka kando. Nilimwonyesha ukurasa wa 14 ili aijue, akautazama muda mrefu, akacheka, akasema huyu alikuwa akimsoma Tononoka akiwa kijana, na akaanza kunisimulia Zollo alivyomfanyia Sonia.

Ukurasa wa 15 sinao bado. Kaka yangu wa Likoni anasema anaikumbuka hadithi hiyo, mtu wa ukutani hatimaye alifungua kinywa akataja jina la bosi wake. Dada anasema hapana, alichomoka, akaruka dirishani. Wamebishana wiki nzima. Kurasa 23 ziko kwenye bahasha kavu, kila moja katikati ya karatasi mbili nyeupe, na juu ya kabati nimeliteremsha lile sanduku la bati la Baba, ambalo lilibaki tupu miaka yote hii, nikalinunulia naftalini mpya.