Jemaa el-Fnaa: nyoka anashiba, msimulizi analala njaa

Wengi wakirudi kutoka Marrakech, Moroko, husifu chakula na kulalamikia wachuuzi wasumbufu wa uwanja wa Jemaa el-Fnaa. Mimi lalamiko langu ni juu yetu sisi wageni.

Mchana uwanja hauna makuu: mikokoteni ya maji ya machungwa, akina mama wapaka hina chini ya miavuli, wachezesha nyoka na zumari zao, na kima waliofungwa minyororo (hao ningepewa amri ningewafungulia leo hii). Jua likishazama, msikiti wa Koutoubia na mnara wake wa karne ya 12 ukiwa pembeni, ndipo watu wanapofurika. Vibanda vya chakula vinasimamishwa, moshi wa mishikaki unatanda, na vijana wanakuita kwa lugha hii na ile mpaka wabahatishe yako. Harira, supu yao ya nyanya na dengu, niliinywa, bakuli zima. Supu ya konokono niliipita. Wamoroko ni wa madhehebu ya Maliki, kwao konokono ni halali; sisi wa Pwani tuliolelewa Kishafii hata kuichungulia sufuria ni mtihani.

Lakini sifa ya uwanja huu haikutokana na supu. UNESCO ilipoutambua mwaka 2001 kuwa hazina ya urithi wa mapokeo simulizi, walioupigania, akiwemo mwandishi Mhispania Juan Goytisolo aliyeishi mjini humo hadi kufariki mwaka 2017, walikuwa wanatetea halqa: watu wamezunguka duara, katikati yumo msimulizi. Hadithi ikifika patamu anakatiza, anapitisha mkono. Sarafu zikitosha, anaendelea.

Wasimulizi hao sasa wamebaki wachache. Runinga na simu zimechangia, sikatai. Ila tazama fedha za mgeni zinakwenda wapi. Hajui Kidarija, Kiarabu cha mitaani cha Moroko (hata Kiarabu changu cha chuoni kiligonga mwamba), kwa hiyo anasimama penye picha nzuri. Nyoka hahitaji mkalimani. Wagnawa, wapiga ngoma wa uwanjani, nao wana ahueni kwa sababu ngoma inajisemea: karkabu za chuma mikononi, muziki wa kizazi cha Waafrika waliovushwa Sahara utumwani. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko popote. Mwenye maneno matupu anapata nini? Tunampita tukitafuta kitu cha kurekodi.

Kwa hiyo ukienda, tafuta duara lenye wenyeji watupu, wanaocheka usichokielewa. Simama nyuma, simu iwe mfukoni. Utazame uso wa mzee, mikono yake, namna anavyonyamaza ghafla watu wakamsogelea. Kisha toa dirhamu zilezile ambazo ungempa mwenye nyoka.

Mwenzangu wa safari alinicheka: eti nalipia maneno nisiyoyajua. Yeye alikuwa ameshalipia picha tatu na nyoka shingoni. Sijui walizungumza nini.