Koki badala ya bolti kwenye sampu: pima uvungu kwanza

Anayeisifu koki ya kumwagia oili, inayofungwa mahali pa bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), huanza na muda: hutafuti spana, huchafuki, unageuza mkono wa koki robo mzunguko na oili inashuka. Ni kweli, lakini kati ya hoja zote hiyo ndiyo dhaifu. Kufungua bolti ya sampu hakumalizi dakika mbili. Muda unaliwa na kupandisha gari, kungoja oili ishuke, kubadili filta na kujaza upya, na koki haipunguzi hata kimoja kati ya hivyo. Kwenye kungoja, inakuongezea. Tundu la bolti ya M14 (yenye upana wa milimita 14) lina upana wa takriban milimita 12. Koki yenye njia ya ndani ya milimita 8 inabakiza chini ya nusu ya eneo la oili kupita. Uliyezoea kungoja dakika tano, ngoja kumi na zaidi, injini ikiwa na joto na kifuniko cha kujazia kikiwa wazi.

Faida yenye uzito iko kwenye nyuzi za sampu, yaani mistari ya tundu inayoishika bolti. Sampu nyingi ni za alumini na bolti ni ya chuma. Fundi mwenye haraka anaianza bolti kwa soketi badala ya vidole, inaingia kimshazari. Mwingine anaikaza kwa spana ndefu mpaka aridhike yeye. Nyuzi za alumini zinalika kidogo kidogo, kisha siku moja bolti inazunguka bila kushika, na hapo ni kutoboa na kupachika koili ya nyuzi (springi ya chuma inayounda nyuzi mpya), au kununua sampu nyingine. Koki ikishafungwa haitolewi tena, kwa hiyo nyuzi hazisumbuliwi.

Mwenye kupinga naye ana jibu zuri: nyuzi haziuawi na kufunguliwa mara nyingi, zinauawa na mkono mbaya. Bolti ya sampu ya gari dogo kwa kawaida hutaka mkazo wa Newton mita 30 hadi 40. Anayetumia spana ya kupimia mkazo na washa mpya (pete ya kuzuia kuvuja) kila mara atadumu na bolti yake ileile miaka mingi. Koki basi inalifaa zaidi gari linalopita kwenye mikono mingi. Kasoro ni kwamba mikono hiyohiyo ndiyo itakayoishika koki kwa spana ya mabomba, ikidhani ni bolti ngeni.

Kuna kazi mbili ambazo bolti haiziwezi kwa usafi. Ya kwanza ni kupunguza oili iliyozidi. Ukijaza kupita alama ya juu ya dipstiki, krankshafti (mhimili mkuu wa injini) inaweza kuichapa oili mpaka itoe povu, na pampu ikivuta povu presha inashuka. Kwa koki unatoa mililita 200 na kufunga. Kwa bolti utatoa 200 sakafuni na nyingine kwenye mkono wa shati. Ya pili ni kuchukua sampuli ya oili kwa ajili ya maabara: unaacha ya mwanzo ipite, unakinga ya katikati ikiwa ya moto, unafunga. Kwa lori, mtambo au jenereta inayofuatiliwa hivyo, hilo peke yake linatosha kuamua.

Lawama inayosikika sana ni kwamba koki huacha oili chafu ndani, kwa sababu shingo yake huchomoza kidogo juu ya sakafu ya sampu. Tupige hesabu. Chukua sakafu bapa ya sentimita 20 kwa 15 na shingo iliyochomoza milimita 3: kinachobaki ni mililita 90. Kwenye injini ya lita 4.5 hiyo ni asilimia 2. Oili inayobaki kwenye vijia vya bloku, kichwani na kwenye kipoza oili huwa haitoki hata kwa bolti, na hakuna anayeilalamikia. Hoja hii imekuzwa kuliko inavyostahili. Ninachokiona kizito zaidi ni sumaku. Kama bolti yako ya sasa ina sumaku, ukiitoa unapoteza dirisha la kuona chembe za chuma zinazotoka kwenye injini. Tope laini la kijivu ni la kawaida; vipande vinavyoshikika kwa kucha ni onyo, na kwa koki vitapita bila kuonekana, isipokuwa uchuje oili au upasue filta na kukagua karatasi yake.

Lakini suala linalopaswa kuamua ni urefu wa koki. Bolti ina kichwa cha milimita chache. Koki inashuka zaidi, na yenye mdomo wa kuvalisha mpira inashuka zaidi bado. Lala uvunguni na rula. Ikiwa tundu liko ubavuni mwa sampu, au nyuma yake, au juu ya bamba la kinga lenye nafasi ya kutosha, koki iko salama. Ikiwa tundu linaangalia chini na sampu ndiyo sehemu ya chini kabisa ya gari, umetundika koki ya shaba mahali jiwe litakapogonga kwanza. Hapo hesabu haina usawa: upande mmoja umejiepusha na spana na uchafu kila baada ya maelfu ya kilomita, upande wa pili koki ikivunjika oili yote inamwagika, na taa ya presha ikiwaka beringi tayari zinakosa oili. Uwezekano ni mdogo, gharama ni injini nzima.

Hofu kwamba mkono wa koki utafunguka wenyewe kwa mtikisiko ni ndogo kuliko inavyoenezwa. Koki za aina ya Fumoto ya Japani zina springi: lazima uuondoe mkono kwenye mfereji wake ndipo uzunguke. Kijiti kikali au waya wa barabarani unaweza kufanya ajabu, kwa hiyo weka klipu ya kuuzuia. Stahlbus ya Ujerumani haina mkono kabisa. Vali hubaki imefungwa na springi chini ya kifuniko, na hufunguka unapofungia kiungo chenye mpira. Kwa gari lililo chini, aina hiyo ina mantiki zaidi.

Ukiamua kufunga, pima bolti ya zamani kwanza, upana na mwachano wa nyuzi (umbali kati ya uzi na uzi, kwa milimita; ndiyo namba ya pili hapa chini). Toyota nyingi hutumia M12 × 1.25, Honda nyingi M14 × 1.5, lakini usiagize kwa kukisia: M12 × 1.5 itaingia mizunguko ya mwanzo kwenye tundu la 1.25 kisha ianze kukata alumini. Ing'oe washa ya zamani, maana mara nyingi hung'ang'ania kwenye sampu, na washa mbili zikipandana zitavuja. Anza kwa vidole. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji wa koki, si kile cha bolti. Koki ina uwazi ndani na shaba ni laini. Usizungushie tepe ya mabomba, kwani vipande vyake huishia kwenye kichujio cha pampu ya oili. Kama tundu limezama ndani, mwili wa koki utagusa kingo kabla washa haijabana, na hapo unahitaji kiungo cha kurefusha.

Mkono wa koki nao unaweza kumalizia ukiangalia mbele, unakotoka mchanga na mawe, au ukigusa ekzosi. Usiulazimishe kwa kukaza zaidi wala kwa kulegeza. Badili unene wa washa: kwa nyuzi za 1.25, milimita 0.3 zinahamisha koki karibu robo mzunguko.

Jaza oili, washa injini dakika mbili, zima, futa kwa karatasi nyeupe na uangalie tena baada ya safari ya kwanza. Funga kikaratasi kwenye kifuniko cha kujazia kisemacho kuna koki chini, ili fundi mwingine asiingie na spana. Bolti ya zamani na washa mpya vikae ndani ya gari.